Blanketi la Nguo za Marita

Kama unataka kumjua Medius, nenda kwake saa nane mchana, na usibishe hodi. Ukibisha hodi utamwamsha Biira, na ukimwamsha Biira, Medius hatakutukana, yeye si mtu wa matusi, ila atakutazama mpaka ujute. Mimi nimetazamwa hivyo mara mbili na sitaki ya tatu. Sukuma mlango taratibu, vua viatu, keti kwenye kigoda cha dirishani. Hapo utamwona ameshusha fremu yake kutoka kwenye kenchi ya paa, amekunja miguu juu ya mkeka, anashona blanketi la vipande.

Fremu hiyo alitengenezewa na mumewe Nobert, dereva wa lori la samaki la Katunguru, ambaye huonekana nyumbani mwisho wa wiki akinuka ngege. Ni mbao nne tu zenye kamba kila pembe, na kamba zinapita juu ya kenchi. Watoto wakilala, Medius anaishusha. Mmoja akifumbua jicho, anavuta kamba na blanketi linapanda na sindano zake zote mahali pasipofikiwa na mkono wa mtoto. Sindano ni tatu. Zikishuka tatu zinapanda tatu, na huzihesabu kwa sauti, maana mtoto wake wa pili, Muhindo, ana miaka mitatu na kila akiokotacho ni mdomoni au puani.

Pamba ya kujaza ndani hutoka kwa mama mkwe wake, kijijini Munkunyu, ikiwa bado na mbegu. Wengine wangewafukuza watoto nje ili wafanye kazi yao kwa amani. Medius aliwapa watoto pamba. Masika, binti yake wa kwanza, wa miaka mitano na nusu na mdomo kama redio, hutoa mbegu na kuzipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Muhindo hutoa mbegu moja, anapumzika. Ile moja aliwahi kuisukumiza puani, tukakimbia naye kliniki. Biira, mdogo wao, kazi yake ni kulalia pamba iliyokwisha kusafishwa na kuikojolea. Ndivyo yanavyozaliwa mablanketi ya Medius. Hauzi hata moja. Watu wamemwambia auze mpaka wamechoka. Yeye husema mchana kutwa anapika, anafua, anafuta makamasi, na kesho yake yote yanarudi kama hayakufanywa. Mshono peke yake ndio ukishafanywa unakaa.

Mimi naitwa Lanyero, ila hapa mtaani Nyamwamba wananiita Mama Onen. Nililetwa Kasese na mume mwanajeshi. Afande alipostaafu alirudi kwao Kitgum kutafuta mke wa pili, na mimi nikabaki na mwanangu na cherehani. Nina duka dogo la ushonaji, na vipande vinavyobaki chini ya meza yangu ndivyo vilivyotuunganisha mimi na Medius. Nasema haya mapema ili usije ukaniuliza mbona najiingiza katika mambo ya Wakonzo, mimi Mwacholi. Nilikuwepo. Na mkasi uliokata zile nguo ulikuwa wangu.

Mama yake Medius, Marita, alifariki Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, mwaka juzi, Biira akiwa bado tumboni. Katika ukoo wao, mwanamke akifa nguo zake hazigawiwi siku ya maziko. Zinafungiwa sandukuni mpaka siku ya kufunga matanga, watoto wote wakiwa wamekusanyika, na anayefungua sanduku ni shangazi, dada wa baba. Kabla ya hapo huruhusiwi kuzivaa, huruhusiwi kuziuza, na kuzikata ndiyo kabisa. Anayekata nguo ya maiti kabla ya siku yake, wanasema, amemkata maiti mwenyewe. Na siku hiyo ilikuwa imekawia kwa sababu kaka yao, Davis, alikuwa kibaruani Juba na likizo haipatikani.

Aliyebaki katika nyumba ya mama ni Enid, dada mkubwa wa Medius. Enid hana mume wala mtoto. Ndiye aliyemuuguza Marita miaka miwili, akimgeuza kitandani, akimlisha kwa kijiko. Na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka Medius alikuja dukani kwangu anang'aa uso. Alikuwa ametoka Bwera, na alikuwa amebeba fuko. Akaniambia Enid amemfanyia jambo. Mende walikuwa wameanza kuingia sandukuni, Enid akaenda kwa shangazi kuuliza, na shangazi akasema zile nguo kuukuu za kazi, nane, zinaweza kutolewa zisiharibike, Medius awashonee watoto wake blanketi, maana bibi yao hawamkumbuki. Nguo nzuri zingebaki mpaka siku ya kugawa. Akanimwagia mezani. Kulikuwa na gauni la kahawia la kuchumia kahawa, kitenge kilichotafunwa pembe na mbuzi, kingine kilichokuwa bado kinanuka moshi wa jikoni, na vingine vya namna hiyo. Medius alikishika kile cha moshi akakiweka puani, akakaa nacho hivyo muda.

Nilimuuliza kama ameongea na shangazi mwenyewe. Akanishangaa. Mkubwa wako akishakuambia amekwenda akauliza, wewe ukienda kuuliza tena si umemwita mwongo? Kwao mdogo haruki kichwa cha mkubwa. Nami nina dada zangu, nikaona ana haki. Nikampa mkasi wangu mkubwa, ule ambao hata fundi wangu simruhusu kuugusa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimwonee Medius wivu, nakiri. Enid alimwambia alete watoto Bwera kila Jumamosi. "Wewe ukae kwa nyumba, ushone," alimwambia, "mimi nitatembea na batoto." Wewe uliye na watoto wadogo unajua hayo maneno yana uzito gani. Watu watakuletea sabuni, watakuletea sukari, watamsifu mtoto kwamba amenenepa. Mtu wa kukuondolea watoto watatu kwa saa nne, na bila kulipwa, huyo hapatikani. Mimi ningempata mtu kama huyo wakati wangu ningemuoa.

Basi kila Jumamosi Medius alipanda gari la asubuhi na watoto wake. Wakifika, Enid alimfunga Biira mgongoni kwa kitenge, akamshika Muhindo mkono, Masika akatangulia mbele akiongea, wakaenda zao kutembea upande wa mpaka. Medius akabaki peke yake katika nyumba ya mama yake, anaunganisha vipande kwa mkono karibu na dirisha lile lile ambalo Marita alikuwa akikaa. Aliniambia hajawahi kuwa na furaha kama ile. Aliniambia wakati mwingine alikuwa anashona huku analia, na kilio chenyewe kilikuwa kitamu. Jioni watoto walirudi wameshiba, Masika anasimulia habari za mama wa duka aliyewapa soda, na Medius akawa anamshukuru dada yake kwa soda pia. Katikati ya wiki, saa nane mchana, alishindilia pamba na kushona tabaka zote pamoja kwenye fremu yake nyumbani. Miezi sita ilikwenda hivyo.

Nilipenda alivyowafundisha watoto kila nguo. Walilala chali chini ya fremu, blanketi liko juu, na yeye anauliza ile ni ipi. Wakajibu: ya kahawa, ya mbuzi, ya moshi, ya hospitali. Aliwasimulia hata zile zilizobaki sandukuni, hasa kitenge cha mbayuwayu, ndege weusi kwenye manjano, ambacho baba yake Medius alikileta kutoka Butembo siku Davis alipozaliwa. Aliwaahidi kwamba siku ya kugawa akikipata hicho, atakiweka katikati ya blanketi. Kwa hiyo katikati aliacha wazi, mraba mmoja mweupe wa amerikani.

Davis akapata likizo mwezi wa nane. Tarehe ikapangwa. Medius aliniomba nimsindikize, nimbebee blanketi, alitaka kulitandika mbele ya shangazi kama shukrani. Nikafunga duka, nikavaa gomesi yangu ya buluu, tukaenda.

Shangazi anaitwa Mbambu. Ameolewa ng'ambo, Kasindi, na miaka ya huko imempa Kiswahili cha Kongo, na kwa heshima yangu mimi mgeni alikitumia siku hiyo. Ni mwanamke mfupi, hana haraka. Waliomba, wakala, kisha akataka sanduku. Enid akalileta, akatoa ufunguo shingoni, akampa. Shangazi akafungua.

Ndani kulikuwa na sweta moja, vilemba viwili na harufu ya dawa ya mende.

Shangazi aliinua sweta, akaangalia chini yake, akalirudisha. "Manguo ya mama yenu iko wapi?" akauliza.

Medius akamtazama Enid. Nakumbuka vizuri alivyomtazama, bila wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aeleze alikozihifadhi. Na Enid akaanza kulia. Alilia kwanza, akasema baadaye.

"Muulize Medius," alisema. "Ni yeye anakatakata nguo ya mama, anafanya blanketi. Mimi niliona juzi tu, nikaogopa kusema, ni mudogo wangu."

Medius akasema, polepole kama anayemkumbusha mgonjwa, kwamba yeye alipewa nguo nane, kwa ruhusa ya shangazi. Shangazi akasema hakuna mtu aliyewahi kumwuliza habari ya nguo. Enid akapangusa macho, akauliza watu wa jirani waliokuwa pale: si mlikuwa mnaniona kila Jumamosi na watoto wake, mmoja mgongoni, wawili mkononi? Wakajibu ndiyo, walimwona. Na nani alikuwa anabaki nyumbani na sanduku? Wakajibu Medius. Ufunguo, alisema Enid, alikuwa anauacha juu ya kabati anapoenda kutembea, hakujua kwamba hata ndugu wa tumbo moja ni wa kuogopwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile Jumamosi zote, ule wema wote. Medius alidhani anapewa muda, kumbe alikuwa anatafutiwa kesi, na mashahidi wanaandaliwa wiki baada ya wiki barabarani.

Wakataka blanketi. Nikalitandika mimi niliyelibeba. Wanawake walipoona vile vipande walianza kuomboleza upya, huyu akigusa gauni la kahawa, yule akigusa kile cha mbuzi. Ni kweli lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulioliponza. Kama lingekuwa baya wangeweza kumsamehe. Shangazi akahesabu: nane. Marita alikuwa na nguo kumi na saba. Je, zile tisa nzuri ziko wapi? Enid aliinua macho akanitazama mimi, fundi kutoka Kasese mwenye duka, na macho yote ya nyumba ile yakafuata. Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nilisimama nikawaambia katika maisha yangu nimeibiwa mume, sijawahi kuiba nguo ya maiti. Haikusaidia chochote.

Hukumu ilikuwa hivi. Medius alifumue blanketi lote, azirudishe nane kama zilivyo, na zile tisa azitafute alikozipeleka. Alipewa mpaka Jumapili ya pili. Akishindwa, basi asikanyage tena pale, na jina lake lisitajwe kwenye mambo ya mama yake. Davis alisema neno moja tu, kwamba ana aibu, na hakumwangalia tulipokuwa tunatoka. Enid alitusindikiza mpaka barabarani. Alimbeba Biira. Alimbusu kabla ya kumpa mama yake.

Kufumua ni kazi mbaya kuliko kushona. Unakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, na nguo kuukuu inachanika usipoangalia. Saa nane ikifika, Medius alishusha fremu kama kawaida, akawa anaondoa kilichomchukua miezi sita. Sasa hakujali watoto wamelala au hawakulala. Muhindo alikusanya nyuzi. Nilipita kumwona siku ya tatu, akaniambia, "Mama Onen, kama nilikosa, ni wapi? Nionyeshe tu." 

Siku ya tano alikuja dukani kwangu katikati ya mchana, mtoto mgongoni, wawili nyuma, bila kiatu kimoja. Nilifikiri kuna aliyekufa. Alikaa chini, akanisimulia.

Alikuwa anafumua pale katikati, kwenye ule mraba mweupe, na Masika akauliza mbona hawakuweka ya ndege. Akamjibu kwamba ya ndege haipo, imepotea.

"Haikupotea," mtoto akasema. "Ile mama mukubwa alifunga nayo Biira. Tulienda nayo kwa mama ya duka, tukaiacha."

Medius alimwuliza taratibu, akijifanya anaendelea na wembe. Na mtoto, ambaye hajui uongo bado kwa sababu hajawahi kuuhitaji, akamweleza yote. Jumamosi nyingine, wakitoka nyumbani, Biira alikuwa amefungwa mgongoni na kitenge kizuri, kimefunikwa kwa leso ya kawaida. Wakifika dukani, mama mkubwa anamfungua, anampa mwenye duka kile kitenge, anamfunga tena Biira na leso peke yake. Siku ya kitenge cha ndege walipewa soda kila mtu chupa yake. Siku nyingine ilikuwa moja ya kugawana. Enid hakuwaambia hata wanyamaze. Aliona ni watoto.

Fikiria sasa. Mwanamke akipita na kitenge cha marehemu mkononi, Bwera yote itamwuliza anakipeleka wapi. Akiwa amembeba mtoto nacho mgongoni, chini ya leso, nani atauliza? Watamsalimia, watamshika mtoto shavu, watasema Mungu akubariki kwa kumsaidia mdogo wako. Ndivyo nguo tisa za Marita zilivyotoka mlangoni mchana kweupe, mbele ya Medius mwenyewe, ambaye alisimama kizingitini akiwapungia mkono.

Nilichukua mkoba wangu nikamwambia twende sasa hivi. Nilitaka nimkute Enid kabla hasira haijapoa. Medius hakusimama.

"Kuiba ningemusamehe, Mama Onen," alisema. "Hata kunisingizia, labda, kama tukizeeka. Lakini alifunga nguo kwa mutoto wangu. Mutoto akalala juu yake. Mimi nikasema asante." Akarudia hilo la asante mara tatu. Nimemwona Medius akizaa, nimemwona akizika. Sijawahi kuona uso wake ukiwa vile. Alikuwa amesalitiwa na mtu aliyemfunza kutembea.

Akamaliza kufumua. Nguo nane alizifua, tukazipiga pasi dukani kwangu, lakini hakuna pasi inayofuta tundu za sindano. Kila kipande kilikuwa na mstari wa vitundu pembeni. Pamba akaijaza kwenye gunia. Na Jumapili tukarudi Bwera, sisi wawili na watoto watatu, na wote walikuwa wamekaa kama tulivyowaacha, Davis karibu na mlango, Enid chini ya dirisha, shangazi katikati.

Medius aliweka mafungu manane mbele ya shangazi. Shangazi akayagusa moja moja, akashukuru. Kisha akauliza zile tisa.

"Shangazi, nitajibu," Medius alisema. "Ila mikono imechoka na safari. Naomba dada anibebee mutoto kidogo, kama Jumamosi."

Biira hakungoja. Alishasikia sauti ya Enid, alishamwona, akanyoosha mikono yote miwili na kucheka. Anampenda. Wote watatu wanampenda, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Enid hakuweza kukataa mbele ya watu. Akainuka, akampokea, akainama, na Medius akafungua mkoba wake akampa kitenge kipya, kizuri, alichonunua Nobert. Enid akamfunga nacho Biira mgongoni. Mikono yake ilikuwa inatafuta fundo na hailipati.

Masika alipoona mama mkubwa amefunga mtoto, alifanya alichozoea. Alienda mlangoni, akavaa viatu vyake, akamletea Muhindo vyake, akasimama tayari.

"Mama mukubwa, twende?" akasema. "Hii pia tunaacha kwa mama ya soda?"

Shangazi akageuza kichwa. "Mama gani ya soda, mutoto wangu?"

Masika akamwambia. Aliambiwa aseme na mtu mzima, akasema, kwa raha zake, tangu duka lilipo mpaka rangi ya soda. Akataja nguo kwa majina aliyofundishwa chini ya fremu, ya ndege, ya funguo, ya ngoma, na kila moja akasema walikunywa nini siku hiyo. Hakuna aliyemkatiza. Enid alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtoto mgongoni, hawezi kukaa na hawezi kutoka.

Alipofungua mdomo hakukana. "Mama niliuguza mimi," alisema. "Miaka mbili. Usiku na mchana. Mwenye alikuwa na bwana alikuwa na bwana, mwenye alikuwa Juba alikuwa Juba. Sasa munakuja tugawane sawa?"

"Ungeniomba," Medius alisema. "Yote ningekupatia. Na hiyo nane ningekupatia."

Naamini angempa. Ndivyo alivyo. Na nadhani Enid naye alijua, ndiyo maana alikaa chini hapo hapo sakafuni, akasahau kwamba ana mtoto mgongoni, Biira akabanwa mguu na kuanza kulia. Medius akamfungua, akamchukua.

Shangazi alimtuma Davis na jirani mmoja kwenye lile duka. Walirudi na vitenge viwili. Vingine vilishauzwa, na cha mbayuwayu kilivuka mpaka zamani, kimekwenda Beni kwa mtu ambaye mwenye duka hamjui. Shangazi alimrudishia Medius yale mafungu manane, akaongeza vile viwili, akamwambia mbele ya wote kwamba ni vyake na akashone. Davis alimwomba msamaha akiwa anatazama viatu. Kuhusu Enid, ukoo bado unakaa na kuinuka, na mimi si mtu wa ukoo.

Tukiwa njiani kurudi, Masika amelala juu ya gunia la pamba, Medius alinigeukia. Alisema, "Na mimi nimemutumia Masika. Nilijua atasema nini nikimupa Enid mutoto. Nimefanya kama yeye." Nilimwambia hapana, si sawa. Nilimwambia kwa sauti kubwa mpaka dereva akageuka. 

Ni miezi mitatu sasa. Yale niliyokuambia mwanzoni ni ya kabla ya hayo; siku hizi ukienda kwake saa nane mchana, unaweza kubisha hodi tu. Fremu iko juu kwenye kenchi, tupu, kamba zimefungwa. Nguo ziko kwenye fuko chini ya kitanda. Namwambia aanze upya, ananiambia vitundu vya zamani havishiki uzi. Mimi ni fundi, najua vinashika.

Jumamosi iliyopita nilipitia kwake asubuhi kumpelekea vipande, labda vipya vitamvuta. Nilimkuta Masika ameketi mlangoni, amevaa viatu, na Muhindo kando yake amevaa vyake, kushoto kulia na kulia kushoto. Nikamwuliza wanakwenda wapi.

"Tunangoja mama amalize kuwa na kasirani," akasema, "twende kwa mama mukubwa."

Ndani Medius alikuwa anamwosha Biira. Alisikia, najua alisikia, kwa sababu maji yalinyamaza kwenye beseni. Kisha akaendelea kumwosha.